Upande wa Nyuma wa Kadi ya Evert

Waliohudhuria: Majken Törnros, mwenyekiti, fundi mstaafu wa mitambo ya simu. Roland Bäckman, mwanachama, fundi wa redio na saa. Yngve Dahlgren, katibu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwandishi wa maneno haya. Hilding Wallmark, mgeni, mpiga kinanda wa kanisa la Ljusvik. Mahali: chumba cha chini cha maktaba. Siku: Jumamosi ya pili ya Mei, saa nne asubuhi. Hakuna aliyetuma udhuru, kwa kuwa chama chetu cha kompyuta za zamani hakina wanachama wengine ambao magoti yao bado yanakubaliana na ngazi.

Nimeanza na orodha kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila muhtasari wa kikao, na pia kwa sababu nataka ijulikane mapema kwamba kosa langu lilikuwa na mashahidi watatu.

Jambo lililotukutanisha lilikuwa kadi moja ya nyongeza, pana kama bahasha ya barua. Mwaka 1984 ilichomekwa nyuma ya kompyuta ya nyumbani ya Mzee Hilding, ikaiwezesha kufanya kazi ambayo walioiunda kompyuta hiyo hawakuifikiria: kumwandikia muziki mtu asiyeona. Hilding ni kipofu tangu utotoni. Alikuwa akibonyeza vitufe sita kwa pamoja, kama anayepiga kinanda, na kompyuta ikayahifadhi aliyoyabonyeza katika kanda ya kaseti. Kadi ile ndiyo iliyoyachukua na kuyapeleka kwenye printa nzito ya chuma, nayo printa ikaigonga karatasi nundu kwa nundu, hata akaweza kusoma utunzi wake kwa ncha za vidole.

Kadi haikutoka dukani. Aliiunda rafiki yake, Evert Sjöqvist, fundi wa redio wa Mtaa wa Kiwanda cha Maziwa, kwa mkono, juu ya meza ya jikoni. Evert alifariki mwaka 1993. Hakuacha mchoro wala karatasi ya maelekezo, na juu ya kadi yenyewe hapakuwa na herufi hata moja.

Katika miaka minne Hilding alitunga vipande arobaini. Karatasi zake alizitunza katika kabati la chini ya kanisa, na mwaka 2011 bomba la maji likapasuka humo. Karatasi ya wino ikilowa, huenda ikasomeka baada ya kukauka. Karatasi ya nukta nundu ikilowa, nundu hulala, na zikishalala hazisimami tena. Zilizosalia ni kanda.

Vipande thelathini na tisa, alisema mwenyewe, havikustahili kuliliwa. Kimoja kilistahili. Alikitunga kwa ajili ya mkewe, Gunvor, alipotimiza miaka hamsini, na kwa miaka mingi alikipiga bila karatasi. Kila alipokwama, Gunvor alikuwa akiimba sehemu inayofuata kutoka jikoni, hata bila kuacha kumenya viazi. Kisha Gunvor akafariki, na mwisho wa kipande ukaenda naye. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Hilding hukianza, hufika katikati, huondoa mikono. Waumini wamezoea, wanaokawia kuvaa makoti hukawia kwa sababu hiyo. Baraza la parokia limemwuliza mara tatu, kwa upole na kwa keki, ni lini atakabidhi ufunguo wa kinanda, maana ana miaka themanini na sita na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vimeanza kufa ganzi. Mara zote tatu amejibu jibu moja: "Siwezi kufunga kinanda nikiwa katikati ya wimbo."

Hilo ndilo alilotuletea mwezi Machi, pamoja na kompyuta, printa, kanda na kadi, vyote katika toroli la kubebea kuni. Alitaka kuusikia mwisho wa kipande kile kabla vidole vyake havijamwacha.

Roland alizisoma kanda wiki ya kwanza. Zilikuwa nzima, lakini zilitoa safu za namba zisizo na maana kwa mtu yeyote, kwa kuwa Evert alikuwa amebuni mpango wake mwenyewe, na ufunguo wa mpango huo ulikuwa ndani ya chipu ya kadi. Kadi nayo haikukubali kuzungumza na kompyuta. Pembeni mwake palikuwa na swichi nane ndogo kama punje za mchele, na mtu fulani, labda watoto wa ndugu waliokuwa wakicheza darini, alikuwa amezichezea zote zikaelekea upande mmoja. Swichi nane zina namna mia mbili hamsini na sita za kupangwa. Mimi nilikuwa tayari kuzijaribu zote kwa zamu, na nilikuwa nimekwisha kuchora jedwali.

"Jedwali lako lirudishe mfukoni, Mwalimu," Roland aliniambia siku ile. "Nimefuata nyaya. Swichi ya nne na ya saba zinapeleka umeme wa printa. Ukiikosea mojawapo, umeme unarudi kwenye chipu. Puu! Tunabaki na sahani ya kuwekea mikate."

Basi tukakaa wiki nane tukiizunguka kadi kama paka anavyozunguka maziwa ya moto. Katika wiki ya pili nilifanya kazi ambayo huwa nafanya kwa kila kifaa kinachoingia chamani: niliipiga picha na kuisafisha. Niliipiga picha upande wa mbele tu, wenye vipuri, kwa sababu upande wa nyuma niliona hauna kitu. Ulikuwa na miguu ya vipuri na, chini kabisa, mstari wa matone ya risasi ya kulehemu, yaliyomwagika ovyo, kama nilivyodhani, na mtu aliyekuwa na haraka. Nilishangaa kidogo kuwa fundi mwenye sifa ya Evert aliacha uchafu wa namna hiyo. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikayayeyusha matatu yaliyokuwa marefu kuliko mengine na kuyanyonya kwa kipampu. Nilikuwa nataka kuendelea, lakini maktaba ilikuwa inafungwa. Katika daftari nikaandika: "Upande wa nyuma umesafishwa kwa sehemu." Nilijisikia nimefanya jema.

Sasa narudi kwenye Jumamosi ya pili ya Mei.

Majken alifungua kikao kwa kugonga meza na kijiko cha kahawa. Ni mwanamke mwembamba, mnyoofu kama nguzo ya simu, na kwa miaka thelathini na mbili alisikiliza hitilafu za nyaya kwa sikio tupu.

"Ajenda ni moja," alisema. "Mzee Hilding, nitasema wazi, sina tabia ya kumzungusha mtu."

"Sema, Mama Majken. Mimi kuzungushwa ndiyo kazi, kila nikiingia duka jipya."

"Tumefika ukutani. Bila kujua swichi zinakaaje, hatuthubutu kuwasha. Ninapendekeza tukurudishie vitu vyako leo, na tukuombe radhi."

Hilding alikuwa amefungua chupa ya kahawa na kuweka mezani mikate midogo ya mdalasini, kumi na mmoja, aliyooka mwenyewe. Alipapasa ukingo wa meza, akakiweka kikombe chake mahali ambapo angekipata tena.

"Wiki ijayo ni Pentekoste," alisema. "Baada ya Pentekoste napelekwa hospitali wakanipasue kiwiko, kwa ajili ya hivi vidole. Daktari anasema huenda vikarudi, huenda visirudi. Nilikuwa nimejiambia, kama ni kuupata, niupate kabla ya hapo. Lakini radhi ya nini? Hakuna mtu amewahi kukaa na takataka zangu wiki nane. Mmezifuta vumbi?"

"Mwalimu kazifuta," alisema Roland. "Huyu hata akiingia peponi atawapanga malaika kwa urefu."

"Basi asante, Mwalimu."

Nikasema si kitu. Ndivyo nilivyosema: si kitu.

Tulikula. Kwa desturi yetu hapa hakuna anayechukua mkate wa mwisho. Anayeutamani huukata nusu, anayefuata huikata nusu ile nusu, na mwishowe sahani hubaki na kipande kidogo kama kifungo cha shati, ambacho huogopwa na wote. Mkate wa kumi na moja ulikuwa umebaki peke yake na Majken alikuwa ameshika kisu, Hilding aliponyosha mkono akauchukua mzima.

"Mzee, huo ulikuwa wa mwisho!" alisema Roland.

"Mimi kipofu, kijana. Nitajuaje ni wa mwisho?" Akaumega. Roland ana miaka hamsini na minane, na hakuna mwingine anayemwita kijana. "Sasa nipeni hiyo kadi. Kabla haijarudi torolini nataka kuishika. Evert hakuniruhusu kuigusa hata siku moja. Aliichomeka mwenyewe, akafunga kifuniko, akasema mikono yangu ina siagi."

Roland alimwekea kadi mikononi. Hilding aliifuta mikono kwanza kwa leso, kidole kwa kidole. Akapitisha vidole upande wa mbele, juu ya chipu, juu ya swichi, bila haraka. Kisha akaigeuza.

Niliona kidole chake cha shahada kikitembea juu ya miguu ya vipuri, kikashuka hadi ukingo wa chini, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikatembea tena polepole zaidi, kutoka kushoto kwenda kulia, kama ninavyowaona watu wakifuata mstari wa kitabu wasichokiamini.

"Majken," alisema. Hakusema Mama. "Kuna nini hapa chini?"

"Matone ya risasi. Fundi alimwaga."

"Evert hajawahi kumwaga hata supu." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii ni namba. Ameandika namba. Kubwa kubwa, kama za mtoto anayejifunza, lakini ni namba."



"Evert alikuwa anajua nukta nundu?" aliuliza Roland.

"Namba tu. Herufi zilimshinda, alisema zinamtia kizunguzungu. Alinibandikia namba kwenye jiko, kwenye redio, hata kwenye mlango wa choo cha kanisa alibandika sifuri." Alicheka kidogo. "Nilimwambia aniandikie maelekezo ya hii kadi, siku moja isije ikagoma. Akaniambia, 'Nimeshaandika. Siku ukiyahitaji utayaona.' Nikadhani ananitania upofu wangu. Nilimkasirikia wiki nzima."

Akaisogeza kadi karibu na kifua, akaanza kusoma kwa sauti.

"Hapa ni alama ya kutangulia namba, lakini ina upungufu. Halafu moja. Halafu moja tena. Hapana. Hizi ni swichi za kupandisha, na mtu hataji ya kwanza mara mbili. Halafu sita, hii ni sita safi kabisa. Halafu tano, au kitu mfano wa tano." Kidole kilirudi. "Kuna alama zenye pengo. Hapa, na hapa, na hapa. Nundu zilikuwepo. Kuna mtu amefuta."

Wanafunzi wangu, kwa miaka thelathini na sita, niliwafundisha kwamba anayekosea husimama kabla hajaulizwa. Nilisimama.

"Ni mimi, Mzee Hilding. Nilidhani ni uchafu. Niliyaondoa matatu, katika wiki ya pili, na picha ya upande huo sikupiga."

Roland aliweka kikombe chini.

"Mwalimu!" alisema. "Yaani umesahihisha daftari la marehemu?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Majken alinitazama kama alivyokuwa akiutazama waya uliokatwa na jembe. Mimi nilikuwa namtazama Hilding, ambaye hakuweza kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona hilo ni rehema kwangu.

"Matatu tu?" aliuliza.

"Matatu."

"Kwa nini uliacha mengine?"

"Maktaba ilikuwa inafungwa."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha kweli, mabega yakamtikisika hata makombo ya mkate yakamwanguka kifuani. "Basi asanteni maktaba ya Ljusvik kwa kufunga saa kumi na moja! Njoo hapa, Mwalimu. Keti karibu yangu. Macho unayo?"

"Ninayo, na kioo cha kukuzia."

"Haya. Wewe tazama, mimi nipapase. Evert alikuwa na mkono mzuri, hawezi kubandika risasi pasipo na shaba chini yake. Tafuta shaba."

Nilivuta taa. Chini ya kioo cha kukuzia mambo yalikuwa kama alivyosema. Kila tone lilikuwa limekalia kisahani kidogo cha shaba ambacho Evert alikichonga kwa makusudi, na pale nilipoyaondoa matone, visahani vilibaki bapa na vyenye kung'aa. Kidole hakikuweza kuvihisi. Jicho liliviona. Nilikuwa nimeyaona yote hayo kwa wiki nane bila kuyasoma, naye alikuwa na uwezo wa kuyasoma bila kuyaona.

Ili nisikosee tena, nilimwomba anieleze mpangilio. Akanieleza kwa boksi la mayai: nafasi sita, safu mbili zilizosimama, tatu kila upande, nundu zikikaa huku ni namba hii, zikikaa kule ni namba ile. Kisha tukaanza. Nilimtajia kisahani cha kwanza kilichong'aa: kilikuwa katika ile alama ya kutangulia namba, ambayo haikutusumbua. Cha pili kilikuwa katika ile "moja" ya pili, juu upande wa kulia.

"Moja ikiongezewa hapo inakuwa tatu," alisema mara moja. "Kwa hiyo moja, tatu, sita. Na ya mwisho?"

Katika namba ya mwisho nikakwama. Palikuwa na nundu mbili zilizosalia, na nafasi mbili zilizong'aa badala ya moja. Kimojawapo kilikuwa kisahani cha Evert. Kingine kilikuwa mguu wa kipuri uliopita hapohapo, nao nilikuwa nimeupangusa ukang'aa vilevile. Nilivigeuza kwenye taa kila upande. Havikutofautiana.

"Ikiwa ni kile cha juu kulia?" niliuliza.

"Ni nne."

"Ikiwa ni kile cha kati kushoto?"

"Ni nane."

Roland akapiga mluzi mdogo. "Nne ni ya umeme, jamani. Ikiwa ni nne na tukaweka nane, au nane na tukaweka nne, tumeunguza."

"Wewe unakumbuka ulitoa lipi, Mwalimu?" aliuliza Majken.

Nilifumba macho nikajaribu. Niliuona mkono wangu, niliuona moshi mwembamba wa risasi, lakini tone lenyewe nililiondoa kama mtu anavyoondoa uzi kwenye koti. Mtu hakumbuki alichokiona kuwa si kitu.

"Sikumbuki," nilisema. "Na sitakisia."

Majken aliinua kijiko. Nilijua angetaka kusema nini: turudishe vitu torolini. Nikauliza swali moja kabla hajagonga.

"Mzee Hilding, Evert alikuwa mtu wa namna gani katika kazi yake? Alikuwa mpangaji?"

"Mpangaji?" Alitikisa kichwa. "Bwana we! Skrubu zake zilikuwa ukutani kwa urefu, fupi kushoto, ndefu kulia. Viazi kwenye sahani alikuwa anakula kuanzia kidogo hadi kikubwa. Gunvor alikuwa akimwekea viwili vinavyolingana makusudi, amwone akihangaika. Nakwambia ukweli, wewe na yeye mngeoana."

"Basi tayari tunajua," nilisema. "Moja, tatu, sita. Zinapanda. Mtu anayekula viazi kwa ukubwa hawezi kuandika nne baada ya sita. Nne angeiweka kati ya tatu na sita, au asingeiweka kabisa. Ni nane."

Roland alinitazama, kisha akamtazama Majken. Majken alitazama kadi. Hilding alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Ni nane," alisema. "Namsikia akinicheka."

Nilikataa kuwasha chochote kabla sijafanya jambo moja. Niliomba chuma cha kulehemu cha Roland, nikayarudisha matone matatu mahali pake, moja baada ya jingine. Tulisubiri yapoe. Kisha Hilding akapitisha kidole juu ya mstari wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakurudi nyuma.

"Moja, tatu, sita, nane," alisoma. "Mwandiko wako si mzuri kama wake. Lakini unasomeka."

Roland alizipandisha swichi nne hizo kwa ncha ya sindano, akazishusha nyingine nne, akaniita nihakikishe, nikahakikisha mara mbili. Kadi ikaingia mahali pake kwa mlio wa kijino kinachokaza. Majken alikiweka kidole chake juu ya swichi ya ukutani.

"Nani anapinga?" aliuliza, maana utaratibu ni utaratibu.

Hakuna aliyepinga. Akawasha.

Hapakuwa na moshi. Kioo cha kompyuta kiliwaka kijivu, na mstari mmoja ukajitokeza ambao hatukuwa tumeuona kwa wiki nane: neno la Evert kwamba printa iko tayari. Roland aliweka kanda, akabonyeza, tukasikiliza ule mlio wake mwembamba kama wa mbu kwa dakika sita. Kisha printa ikaanza. Aliyewahi kusikia mvua ya mawe ikipiga paa la bati anajua sauti ile. Mkutubi alishuka ngazi mbio, akatuona wazee wanne tumesimama tumeshikana mabega kuzunguka chuma kinachonguruma, akapanda tena bila kusema neno.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, Hilding aliipokea kabla haijaanguka. Aliiweka mezani. Mkono wa kushoto ukasoma, mkono wa kulia ukapiga vidole juu ya ubao wa meza, na midomo yake ikawa inaimba chinichini. Wote tuliutambua mwanzo. Tumekawia nao tukivaa makoti kwa miaka. Tulijua pia mahali ambapo mikono huondoka, na tulipokaribia hapo, Majken, ambaye si mtu wa kumshika mtu, alinishika kiwiko.

Mikono haikuondoka. Iliendelea. Wimbo uligeuka upande ambao sikuutarajia, ukawa mwepesi, karibu ungesema wa kuchezeka, ukarudi nyumbani, ukaisha.

Hilding akasoma mistari ile tena, akahesabu kwa kidole.

"Vipimo tisa," alisema. "Mama yangu! Vilikuwa vimebaki vipimo tisa tu vya muziki. Nimehangaika nikidhani nimepoteza nusu nzima. Na mimi nilikuwa natafuta kitu cha huzuni. Kumbe nilikuwa nimemwandikia dansi! Alikuwa anaimba dansi pale jikoni na kisu mkononi, nami nimesahau." Machozi yalimtoka, na hakujishughulisha kuyafuta. "Asante, Evert. Asanteni nyie. Asante, Mwalimu."

"Mimi usinishukuru, Mzee," nilisema. "Nilikuwa nakaribia kukupotezea."

"Ndiyo. Halafu ukasimama ukasema. Ungenyamaza, ningedhani ni Evert aliyekosea kuandika, na toroli lingekuwa njiani sasa hivi." Alinitafuta kwa mkono, akanipata begani. "Hizo namba aliniandikia mimi. Zaidi ya miaka thelathini zimekaa zikinisubiri. Kuzisoma kulihitaji watu wawili. Sasa nitalalamika nini?"

Roland alikuwa amegeukia ukuta, akidai kwamba moshi wa risasi umemwingia machoni. Majken alimimina kahawa iliyobaki katika vikombe vinne, kwa kipimo sawa, ingawa ilikuwa imepoa. Kisha Hilding akaomba kusema jambo ambalo alitaka liingie katika muhtasari, nami nikachukua kalamu.

Aliinuka, akaegemeza vidole mezani, juu ya karatasi.

"Jumapili ya Pentekoste, baada ya ibada, nitaupiga wimbo wa Gunvor mpaka mwisho," alisema. "Njooni, na msivae makoti mapema. Nikimaliza nitafunga kinanda, na ufunguo nitaukabidhi kwa baraza hapohapo, mbele ya watu wote. Hilo nimeliamua."

Majken aligonga meza kwa kijiko. Nikaliandika kama alivyolisema.